Maji Madogo Yana Haraka

Maji ya bamvua yakipwa pwani ya kusini ya Kenya, mwamba hubaki wazi na bahari husalia kwenye vidimbwi tu. Vingine mtoto anaweza kuogelea ndani yake, vingine havizidi sufuria. Ikifika saa tano za asubuhi, jua limeshapanda, hali zao hazifanani tena. Katika kidimbwi kikubwa vitatange wadogo wanazunguka kama kawaida yao. Katika kile kidogo maji yameshapata moto, chumvi imezidi, na samaki wamejificha chini ya jiwe wakihema mbiombio. Mjomba wangu, aliyekuwa akizamia samaki wa mapambo na kuwauzia wasafirishaji wa Mombasa, alinionyesha jambo hili nikiwa mtoto. Miaka mingi baadaye nilimpigia simu kutoka London kumwambia kwamba nataka kuweka tangi la matumbawe sebuleni, na ndilo la kwanza alilolirudia. "Mjomba," aliniambia, "maji madogo yana haraka. Kazi yako itakuwa kuyatuliza."

Sijapata ushauri uliowahi kunifaa kuliko huo katika ufugaji huu, na kila niliyejifunza kwake baadaye alikuwa akiniambia lile lile kwa maneno ya kitaalamu. Anayeanza huvutiwa na tangi la lita 20 au 30. Bei yake ni nafuu, linakaa juu ya meza, na anadhani dogo ndilo jepesi kulitunza. Hesabu ya mvuke peke yake inatosha kuonyesha mambo yalivyo. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Maji yanapopaa chumvi haipai nayo, inabaki. Tangi lenye lita 300 likipoteza lita 3, chumvi imepanda kutoka 35 hadi kama 35.4, na hakuna kiumbe atakayejali. Tangi lenye lita 75 likipoteza hizo hizo lita 3, imefika 36.5. Tangi la lita 20 halitaki hata kuhesabiwa. Joto nalo ni vivyo hivyo, sumu ya chakula kilichooza ni vivyo hivyo. Kosa ambalo maji mengi hulimeza kwa wiki nzima, maji machache hulionyesha kabla ya jioni.

Nilinunua tangi la lita 90, nikilihesabu kuwa dogo kabisa ambalo ningelipendekeza kwa mtu anayeanza. Ukishaweka mawe na mchanga, maji yenyewe yanabaki kama lita 75. Kwa jumla, kioo, mawe, mchanga na maji ni mzigo wa kilo zaidi ya 100 unaosimama mahali pamoja usiku na mchana. Nyumba nyingi za zamani za London zina sakafu za mbao, kwa hiyo niliuweka kando ya ukuta mnene, juu ya kabati lililotengenezwa kwa kazi hiyo, nikahakikisha kwa pima maji kwamba halikulalia upande. Dirisha nililiepuka. Jua la dirishani hupasha maji joto bila ruhusa na kuotesha mwani.

Baada ya hapo yalikuja maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa na subira zinapostahili kwenda kabla ya samaki yeyote. Maji ya bomba ya London ni salama kunywa, lakini kwa matumbawe ni maji yenye mambo mengi. Yana dawa ya kuulia vijidudu, yana nitrati, na yana fosfati ambayo kampuni za maji za Uingereza huiongeza makusudi ili risasi ya mabomba ya kale isiyeyuke ikaingia vinywani mwa watu. Fosfati hiyo hiyo ni mbolea ya mwani. Mabomba mengine hutoa shaba, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana. Kwa hiyo nilifunga chini ya sinki mtambo mdogo unaosukuma maji kwenye utando mwembamba, kisha kwenye chembe za resini, hadi kile kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri. Maji hayo matupu ndiyo unayoyatia chumvi ya akwariamu, gramu 35 na zaidi kidogo kwa lita kwa kuwa chumvi ya dukani huwa na unyevu. Unayaacha yakizungushwa na pampu usiku kucha, yakiwa na joto la nyuzi 25. Kisha unapima chumvi kwa rifraktomita, ukiwa umeisawazisha kwanza kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35 kamili. Chumvi ya mezani haifai hata kidogo. Bahari ina kalsiamu, magnesiamu na vitu vingine ambavyo matumbawe huvitumia kujenga mifupa yao, na chumvi ya mezani haina.

Nilipokuwa nikisubiri utando ule ujaze ndoo tone kwa tone, nilianza kusoma, na nikagundua kwamba mji ninaoishi una historia ndefu na kazi hii. Mwaka 1846 mwanamke aitwaye Anna Thynne alikusanya matumbawe madogo ya mawe huko Torquay, kusini-magharibi ya Uingereza, akayashonea juu ya sponji kwa sindano na uzi ili yasigongane njiani, akayaleta London ndani ya chombo cha maji ya bahari. Hakuwa na umeme wala pampu. Mjakazi wake aliyamimina maji hayo kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Viumbe wale waliishi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu akwariamu, Waingereza wakaishika shughuli hiyo kwa shauku kubwa. Mimi humfikiria zaidi yule mjakazi. Pampu mbili ninazozichomeka ukutani zinafanya kazi ya mikono yake, na umeme ukikatika, njia ya kwanza ya kuokoa tangi ni ile ile yake: chota kwa jagi, mimina kutoka juu, chota tena.

Mtu wa pili niliyemfurahia katika kusoma kwangu ni Lee Chin Eng wa Jakarta. Mwaka 1961 aliandika jinsi alivyofuga matumbawe kwa mapovu ya hewa tu na mawe yaliyotoka baharini yakiwa na uhai wake, bila machujio makubwa ambayo wafugaji wa wakati huo waliyategemea. Chujio lake lilikuwa jiwe lenyewe. Jiwe la matumbawe lina matundu yasiyohesabika, na kila tundu ni makazi ya bakteria. Nilipoweka mawe yangu, kilo kama 8, niliyapanga nikikumbuka hilo. Nilijenga mapango na njia za maji kupita badala ya kulundika ukuta. Niliyasimamisha moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, maana samaki na kamba huchimba, na jiwe lililosimamia mchanga litaanguka. Mawe yangu yalikuwa makavu, yaliyochimbwa nchi kavu, ila moja dogo lililo hai nililopewa na mfugaji mwenzangu kutoka tangi lake la miaka mingi, liwe mbegu.

Binamu yangu alikuwa amejitolea kuniletea mawe kutoka nyumbani. "Si yamejaa tele pwani?" aliniuliza. Nilimkatalia, na naandika hapa kwa sababu najua ndugu wengi watapewa ahadi kama hiyo. Matumbawe yote ya mawe yamo kwenye Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka bila vibali ni kosa, hata kiwe kipande cha ukubwa wa ngumi ndani ya soksi. Hata kama sheria isingekuwapo ningekataa. Jiwe linalotolewa mwambani linang'olewa na nyumba ya viumbe waliomo, na mwamba hauna mahali pengine pa kulipatia.

Sasa tangi lina maji, mawe, mchanga, hita na mkondo, na halina samaki. Likae hivyo. Hiki ndicho kipindi kinachowashinda watu wengi, nami nadhani ndicho kinachoamua yote yatakayofuata. Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki hugeuka amonia, nayo ni sumu, tena kali zaidi katika maji ya chumvi kwa kuwa pH yake iko juu, kati ya 8.1 na 8.4. Kundi moja la bakteria huila amonia na kutoa nitriti, ambayo pia si salama. Kundi la pili huila nitriti na kutoa nitrati, na hiyo matumbawe laini yanaweza kuivumilia, hata kuihitaji, ikiwa kidogo. Bakteria hawa hawauzwi wakiwa tayari wa kutosha. Chupa za dukani husaidia kuanzisha, lakini kuzaana ni kwao, nako huchukua wiki 4 hadi 6, pengine zaidi kwa mawe makavu. Nilidondosha amonia ya maji hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha nikapima na kuandika kwenye daftari. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Kisha amonia ikaanza kushuka, nitriti ikapanda ikakaa huko juu kwa ukaidi, na siku moja nayo ikaporomoka.

Wageni walioingia nyumbani waliona mawe meupe ndani ya maji, taa ikiyamulika. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na ambaye mwamba wa kwao aliujua kwa picha tu, aliniuliza kila jioni, "Baba, samaki wanakuja lini?" Nilimpa kazi ya kuhesabu matone ya dawa ya kupimia na kulinganisha rangi na kadi. Akawa ndiye anayetangaza nitriti mezani wakati wa chakula. Kipimo cha kumaliza ni rahisi: tia amonia ya miligramu 2 kwa lita, subiri saa 24, pima. Ikiwa amonia na nitriti zote ni sifuri, bakteria wameenea vya kutosha kuanza. Unabadilisha sehemu kubwa ya maji ili kushusha nitrati, na ndipo unapoweza kufikiria duka la samaki.

Kabla ya uzuri wowote utakuja uchafu. Utando wa kahawia utafunika mchanga, kisha nyuzi za kijani zitaota juu ya mawe. Usitie dawa. Mawe mapya ni shamba lisilo na mwenyewe, na wa kwanza kufika ni hao wepesi. Konokono wachache walao mwani na kaa wadogo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono wataanza kazi, wewe utavuta nyuzi kwa mkono unapobadilisha maji, na baada ya miezi ile rangi ya zambarau ya mwani mgumu itaanza kuenea juu ya jiwe. Hiyo ndiyo dalili niliyoipenda kuliko samaki, kwa sababu ndiyo rangi ya mwamba wa kwetu chini ya maji.

Katika yote hayo kazi ya kila siku ilikuwa ile aliyoisema mjomba, kuyatuliza maji. Kilichopaa hurudishwa kwa maji matupu yasiyo na chumvi, kila siku, kiasi kile kile. Nilianza kwa mkono, kwa alama ya kalamu niliyoichora kwenye kioo, kisha nikanunua kifaa chenye kitambuzi kinachojaza chenyewe kidogo kidogo. Katika tangi dogo nakiweka mbele ya vifaa vingine vyote vya hiari. Joto huwa kati ya nyuzi 24 na 26. Majira ya baridi hita hutosha, lakini hita nyingine zikiharibika huharibika zikiwa zimewaka, kwa hiyo yangu nimeichomeka kupitia kidhibiti cha pembeni kinachokata umeme joto likizidi.

Kiangazi kilinitia hofu zaidi. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze, na nyumba zetu zimejengwa kushika joto, hazina viyoyozi. Nilifungua kifuniko nikabakiza wavu, nikaelekeza feni juu ya uso wa maji. Maji yanapopaa huchukua joto pamoja nayo, na feni ya kawaida inaweza kushusha nyuzi 2 hadi 4. Nilizima taa kwa sehemu kubwa ya siku, nikaelea chupa za maji yaliyoganda, moja baada ya nyingine, ili joto lisiruke juu na chini. Tangi lilisimama kwenye 27. Kifaa cha kujazia kilimaliza ndoo yake haraka kuliko nilivyowahi kuona, na kisingekuwapo chumvi ingepanda kiasi cha kuifanya kazi yote ya kuepusha joto iwe bure.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa nyuzi mbili tatu. Mjomba aliniambia mara nyingi habari za 1998, mwaka wa El Niño, alipozama kwenye miamba aliyoizoea akaikuta nyeupe. Matumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa ya anachohitaji. Ndio huo unaompa rangi. Bahari ikipata moto nyuzi moja tu juu ya kiwango cha miezi yake ya joto, na ikakaa hivyo kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika, mwani hutolewa nje, na mfupa mweupe huonekana kupitia nyama. Joto likishuka mapema anaweza kupona. Lisiposhuka hufa kwa njaa. Mwaka huo miamba mingi ya Kenya na Tanzania ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai, na Aprili 2024 wanasayansi wa Marekani na wenzao walitangaza wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe dunia nzima. Bahari ya kwetu huenda kati ya nyuzi 25 wakati wa kusi na 29 mwishoni mwa kaskazi, na viumbe wake wameishi wakibana ndani ya pengo hilo dogo. Nilipokuwa kijana sikujua pengo lenyewe ni jembamba namna gani. Kipimajoto cha tangi kimenifundisha.

Samaki wangu wa kwanza walikuwa samaki-klauni wawili wadogo, wa rangi ya chungwa na mikanda myeupe, waliozaliwa na kulelewa katika shamba la samaki hapa Ulaya. Nilimtumia mjomba picha. Akajibu kwamba wale hawako kwetu, na ni kweli: aina hiyo, Amphiprion ocellaris, ni ya mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Wa kwetu ni wengine, mmoja wa chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni tu, mwingine mweusi-kahawia mwenye mikanda miwili. Aliniuliza pia kwa nini nisinunue samaki waliovuliwa na wazamiaji wa nyumbani, ili pesa ifike huko. Swali lilinigusa, kwa kuwa karo yangu ya shule ilitoka kwenye wavu wake. Nilimweleza nilivyofikiri na bado nafikiri hivyo. Samaki wa baharini aliyevuliwa, akakaa kwenye mfuko, akapanda ndege, akafika dukani akiwa amedhoofika, hastahili kuangukia mikononi mwa mtu anayejifunza. Aliyezaliwa ndani ya kioo ameshazoea chakula cha kugandishwa na kuta nne, na akinunuliwa hakuna anayepungua mwambani. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika ndoo zake pia waliokufa kwanza walikuwa wale ambao mnunuzi hakujua kuwapokea.

Wawili hao kwa miaka wamenionyesha jambo ambalo wengi hawaliamini wakilisikia. Samaki-klauni wote huanza maisha wakiwa madume. Aliye mkubwa na mwenye nguvu hugeuka jike, anayemfuata hubaki dume lake, na jike akifa dume hugeuka kuchukua nafasi yake. Ukinunua wadogo wawili wa mama mmoja, mmoja awe mkubwa kidogo kuliko mwenzake, watalimaliza wenyewe. Baada ya kuwa wakubwa jike wangu alianza kutaga mayai ya chungwa kwenye jiwe lile lile kila baada ya wiki chache, na dume huyapepea kwa mapezi mchana kutwa.

Samaki wa tatu, na wa mwisho, ndiye pekee aliyetoka kwetu. Ni mwembamba, mweupe mbele na mwekundu wa moto nyuma, mwenye mwiba mrefu mgongoni anaouchezesha kama bendera. Aina yake huishi kutoka Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Dukani sanduku lake lilikuwa limeandikwa Kenya. Nilimwacha akae huko wiki kadhaa, hadi nilipomwona akila vizuri, kisha nikamweka kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe kabla ya kumchanganya na wengine. Tangi hilo la karantini ni la lazima. Ugonjwa wa madoa meupe wa maji ya chumvi ukiingia kwenye tangi la matumbawe hauna dawa rahisi, kwa sababu shaba inayoutibu huua kila asiye na uti wa mgongo. Na kwa kuwa samaki huyu huruka nje akishtuka, wavu wa juu haukutoka tena.

Kwa lita 75 samaki watatu wadogo wanatosha. Kangaja wa buluu, anayependwa na watoto kwa ajili ya filamu ya 2003, hufikia sentimita 30 na anataka maji ya kukimbia. Kumweka katika tangi kama langu ni kumdhulumu. Naomba pia msinunue yule mwembamba wa buluu na mstari mweusi anayesafisha samaki wenzake, ambaye mjomba alimvua kwa wingi. Kazi yake mwambani ni kuwatoa wadudu kwenye miili ya mamia ya samaki. Katika tangi hana wateja, na mara nyingi hufa kwa njaa huku chakula kikielea mbele yake.

Matumbawe yalifuata polepole. Nilianza na laini: uyoga wa rangi ya samawati, zulia la nyota za kijani, ngozi moja ya manjano. Yote yalikuwa vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wafugaji wengine, vikagundishwa kwenye vijiti vya udongo kwa gundi nzito ya papo kwa papo. Kipande kipya nakichovya kwanza kwenye dawa ya iodini ili wadudu watoke, nakiweka chini ambako mwanga ni hafifu, na nakipandisha baada ya wiki kadhaa. Taa huwaka saa 8 hadi 9 kwa siku, buluu ikizidi, maana ndiyo rangi inayofika chini baharini. Mkondo uwe wa kupindapinda, usipige kiumbe usoni. Zoanthidi, jamaa za matumbawe zinazofanana na vifungo vya rangi, nazipenda, lakini baadhi zina palitoksini, sumu ya kuua mtu. Usizikwangue bila glavu na miwani, na usichemshe kamwe jiwe lililoziotesha, kwani watu wamelazwa hospitali kwa mvuke wake.

Matumbawe ya mawe yalisubiri hadi namba zilipotulia: alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, kwenye dKH 8, kalsiamu karibu na miligramu 420, magnesiamu 1,300, nitrati chini ya 10, fosfati chini ya 0.1. Ningemwambia anayeanza asikimbizane na namba kamili. Alkaliniti iliyokaa 7.8 kwa mwezi mzima ni bora kuliko ile inayoruka kati ya 7 na 10 kwa sababu mwenyewe anairekebisha kila asubuhi. Kila Jumamosi nabadilisha asilimia 10 ya maji, na hayo yanatosha kurudisha vilivyotumika.

Hivi karibuni kijana mmoja wa Tanga, anayesoma hapa London, alikuja nyumbani kuona tangi. Ameshanunua lake, la lita 60, na alitaka kuondoka na kipande cha zile nyota za kijani ambazo zimeanza kupanda ukuta wa nyuma. Nilimkatia kipande papo hapo nikakigundisha kwenye kijiti. Kisha nikamwuliza nitriti yake inasoma ngapi. Akafungua simu akanionyesha picha ya kadi: waridi iliyoiva. Nikamwambia kipande ni chake, kitakaa kwenye rafu yangu hadi wiki 3 zijazo, na akija aje na picha nyingine. Binti yangu alimpa dawa yake ya ziada ya kupimia, akamwelekeza jinsi ya kuhesabu matone.